Chupa ya Sita Nukta Mbili

Wenzangu wa labo, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Mtu ambaye hana tena mahali pa kuwahi anapewa saa. Mke wangu alicheka mpaka akaketi. Mliniomba pia niandike kitu kuhusu miaka yangu ya kazi, kitakachowafaa ninyi mnaobaki na wanafunzi. Vyeo sitaviandika, vilikuwa vichache. Mishahara mnaijua. Nitaandika zaidi juu ya chupa moja ya unga wa mawe, na juu ya mwanafunzi mmoja ambaye nusura nimnyime diploma yake kwa sababu alisema kweli.

Nilizaliwa hapa Kolwezi, katika kambi ya wafanyakazi, baba yangu akiwa mchimbaji aliyeletwa kutoka Kasai. Nilisoma gradua ya ufundi wa maabara, miaka mitatu, nikarudi na diploma iliyokunjwa ndani ya bahasha ili isipate vumbi. Siku ya kwanza kazini, katika labo ya kampuni ya zamani, nilipokewa na Tata Kyungu; tata ni baba, na wakubwa wote tuliwaita hivyo. Alikuwa mtu mfupi, mwenye koti jeupe lililotobolewa na asidi sehemu nyingi.

"Uko na diplome?" aliniuliza.

"Ndiyo, tata."

"Muzuri. Iweke pale ku meza, ipumuzike. We kuya, uoshe hizi chupa."

Niliosha chupa kwa majuma matatu. Alikuwa akizinyanyua moja moja na kuzitazama dirishani, na tone moja likishika kwenye kioo badala ya kuteleza, ananirudishia bila neno. Nilimchukia kwa moyo wangu wote. Juma la nne alinipa mizani, na hapo nikaelewa kwamba majuma yale matatu yalikuwa mtihani wa kuingilia, na kwamba diploma haikuhusika.

Mizani ile ilikuwa ya kupima hata vumbi la kidole. Labo ilikuwa kando ya barabara ya malori ya mawe, na kila lori lilipopita sindano ilitikisika. Tata Kyungu alinifundisha kusubiri. Unamimina unga, unafunga mlango wa kioo, unatoa mikono mezani, unasikiliza. Lori likiwa mbali unasubiri lipite. Kukiwa na lingine nyuma yake unalisubiri nalo. Vijana wa leo mnasema mizani mpya haijali malori. Inajali, ila imefundishwa adabu ya kutolalamika.

Alinifundisha pia bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye mistari na bomba dogo chini. Nawaandikia hata kama mnaijua, kwa kuwa karatasi hii inaweza kusomwa na watoto wenu. Jiwe lililosagwa linachemshwa ndani ya asidi mpaka shaba yake yote itoke. Unatia dawa, maji yanakuwa ya rangi ya udongo. Kisha unadondosha dawa ya pili kutoka kwenye bureti, taratibu, rangi inafifia. Unatia wanga kidogo, yanakuwa ya buluu iliyoiva. Halafu unadondosha tone kwa tone. Linakuja tone moja ambalo linaondoa buluu yote mara moja, maji yanabaki meupe. Unafunga bomba hapo hapo na kusoma mstari. Mstari ule ndio unaokuambia jiwe lina shaba kiasi gani. Hakuna mwingine wa kuuliza.

Tata Kyungu hakuwa mtu wa methali, lakini sheria moja aliirudia mpaka tukawa tunaitamka naye. "Chupa yenye haina jina, usiisalimie." Maana yake, chombo ambacho hakijaandikwa kilichomo na nani alikipima usikiguse, hata kama kinafanana na kile unachokitafuta. Tulikuwa tukimcheka nyuma yake. Kuna mmoja wetu aliyekuwa akisalimia chupa zote asubuhi kwa kuinua kofia.

Sitaandika juu ya miaka ile ambayo watu wa asili ya Kasai tuliambiwa turudi kwetu. Kwetu ni kambi ya wafanyakazi, barabara ya pili, na ndipo nilipobaki. Labo ya kampuni ilipofungwa, Tata Kyungu alikuwa amezeeka na macho yamemwisha. Aliniita nyumbani kwake akanikabidhi chupa mbili kubwa za unga wa mawe. Ya kwanza ilikuwa na karatasi yenye mwandiko wake wa herufi za kusimama: shaba, sita nukta mbili kwa mia. Alikuwa ameipima mwenyewe mara nyingi, na ndiyo tuliyokuwa tukiitumia kama kigezo. Ukitaka kujua kama mkono wako au dawa yako ni nzuri, unapima unga ule na kuona kama unafika sita nukta mbili. Ya pili haikuwa na karatasi. Nilimuuliza ni nini.

"Ile ni ya akiba," alisema. Alikuwa amechoka, na sikumuuliza tena. Alifariki mwaka uliofuata.

Nilipopata kazi ya kusimamia mazoezi ya vitendo katika taasisi yetu, nilizileta chupa zote mbili. Mnajua jinsi ilivyokuwa: wanafunzi wengi, maji ya kusafisha yanachotwa kwa ndoo, umeme unakuja ukipenda. Hatukuwa na kigezo kingine, kwa hiyo ile ya sita nukta mbili ikawa mwalimu mkuu. Mtihani wa mwisho wa vitendo kwa G3, yaani mwaka wa tatu, tuliuita mtihani wa siri. Kila mtu anapewa kijiko cha unga asioujua na muda wa saa nne, anapima, anaandika. Siri ilikuwa ile ile kila mwaka, kwa sababu unga ulikuwa ule ule.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuruka, na siruki.

Asubuhi moja ya mtihani, wanafunzi wakiwa wamekwisha kupanga foleni mlangoni na makoti yao, nilifungua ile chupa nikakuta imebaki unga wa vijiko vitatu. Nilikuwa nimeona inapungua kwa miezi na kujiambia nitashughulika nayo. Nilitazama ile ya akiba. Rangi ilikuwa ile ile, kijani kinachokaribia kijivu. Uzito mkononi ule ule. Nilijisemea kwamba akiba ni akiba ya kitu fulani, na kitu hicho kitakuwa nini kama si hiki? Nikamimina unga wa akiba ndani ya chupa yenye karatasi, mpaka juu. Niliisalimia chupa isiyo na jina, na nikaipa jina la nyingine.

Dawa zilizobaki zilitosha mtihani ule tu, nikajiahidi kuipima nyingine zikifika. Dawa zilichukua karibu mwaka. Zilipofika niliupima unga ule peke yangu, na nikapata tano na nusu. Nikapima tena, tano na nusu. Mnajua nilichofanya? Nilisema dawa zimeharibika njiani, zimekaa juani mpakani. Mbele yangu kulikuwa na bureti, na kulikuwa na mwandiko wa marehemu, na nikaamini mwandiko. Nilimheshimu mtu yule kiasi kwamba niliona bora niyakatae macho yangu. Siku hizi nikifikiri, naona haikuwa heshima. Ilikuwa uvivu uliovaa nguo za msiba.

Tangu asubuhi ile ya foleni wanafunzi walikuwa wakipata tano na nusu, na mimi nikiwarudisha. Nilikuwa na usemi wangu mmoja, mnaukumbuka, mlikuwa mkiuiga kwenye karamu: "Umepoteza bunga mu njia. Rudilia." Yaani kati ya mizani na chupa ya kuchemshia amemwaga unga, ndiyo maana shaba imepungua. Anarudia, anapata tano na nusu. Rudilia. Mara ya tatu au ya nne anapata sita nukta mbili, nami nampiga bega kwa furaha. Baada ya miaka michache hawakuhitaji tena kurudia. Wakubwa waliwarithisha wadogo namba ile pamoja na makoti na madaftari. Wanafunzi walianza na jibu, wakatembea kinyumenyume mpaka kwenye bureti. Darasa zima lilipiga sita nukta mbili, na mimi nilitembea kwenye ua wa taasisi kifua mbele. Nilidhani nimekuwa mwalimu mzuri.

Hivyo ndivyo tulivyoishi mpaka alipokuja Béatrice Kapend.

Alitoka upande wa Musumba, kule Kapanga, ambako barabara inaweza kukuweka siku tatu juu ya lori kama mvua imenyesha. Alikuwa na miaka karibu thelathini, mkubwa kuliko wenzake, na mtoto wake wa kike alikuwa amebaki kwa bibi yake. Alisoma akisimama, kwa kuwa akiketi alilala. Jioni alikuwa akiuza samaki wakavu sokoni kwa shangazi yake. Hakuwa hodari wa kusema. Mikono yake, lakini! Alisubiri malori kabla ya kusoma mizani bila mtu kumwambia. Nilikuwa sijaona mtu akifanya hivyo tangu Tata Kyungu.

Yeye na wenzake walikuwa darasa la mwisho la gradua. Mfumo mpya ulikuwa umeingia, na nyuma yao hapakuwa na darasa jingine la mtindo ule. Aliyeshindwa mwaka ule hakuwa na mahali pa kurudia. Miaka yake mitatu ingebaki karatasi ya alama bila diploma. Wote walijua walipoingia kwenye mtihani. Kwangu pia ulikuwa mtihani wa mwisho, nilikuwa nimebakiza majuma matatu kustaafu.

Walikuwa kumi na watano. Saa mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Saa ya tatu nilipita nyuma ya Béatrice nikaona kwenye karatasi yake: tano na nusu.

"Mama, umepoteza bunga mu njia," nilimwambia kwa sauti ya chini. "Rudilia."

"Ndiyo, tata."

Alirudia. Nilimtazama kutoka mezani kwangu. Alimimina, akafunga mlango wa mizani, akatoa mikono. Hakupoteza hata chembe, niliona kwa macho yangu mawili. Wenzake walikuwa wamekwisha kumaliza na kukunja mikono, wakimtazama. Mmoja aliyekuwa jirani yake alimwonyesha vidole sita chini ya meza. Béatrice aliviona. Aligeuza uso, akafungua bomba.

Nilikwenda kusimama karibu. Buluu ikafifia, akapunguza kasi, tone, tone, na maji yakawa meupe. Akafunga. Tano na nusu tena. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini.

"Mama Béatrice," nilisema, na naona aibu kuandika haya, "unajua jibu yenye banangojea?"

Alinitazama. Jasho lilikuwa limemlowesha shingo.

"Tata, ile sita naijua. Bote banaijua. Lakini mu bureti yangu haikukuya."

"Na kama umekosea?"

"Kama nimekosea, nimekosea yangu."

Akaandika tano na nusu, akapiga mstari chini, akaweka sahihi. Kwa kanuni zetu jibu lililo mbali hivyo na kigezo lilikuwa alama sita juu ya ishirini, na sita katika mtihani ule ni kushindwa mwaka. Niliandika sita mwenyewe, kwa kalamu nyekundu. Huo ndio ukweli.

Walipotoka nilianza kukusanya vyombo. Kwenye meza yake kulikuwa na kijiko cha unga kilichobaki, kimefunikwa kwa kioo vizuri. Ningeweza kukimwaga. Mnisamehe nikisema kwamba nilikaribia. Lakini nilimwona tena akilini mwangu akitoa mikono mezani na kusikiliza barabara, na nikashindwa. Nilichukua dawa mpya kabisa, iliyofika mwezi ule, nikaipima kwanza kwa shaba safi ili nisipate kisingizio. Dawa ilikuwa nzima. Kisha nikaupima unga.

Kati ya tano na nusu na sita nukta mbili, kwa dawa ile, kuna matone zaidi ya ishirini. Mtu mwenye haraka anakosea tone moja, mawili. Ishirini si haraka. Buluu ilipotoweka nilikuwa bado na matone ishirini ya kudondosha kabla ya kufika kwa Tata Kyungu, na maji yalikuwa meupe pee. Niliketi juu ya stuli ya mwanafunzi, nikaitazama chupa yenye mwandiko wa marehemu, na nikajua kwamba marehemu hakuwa na kosa lolote. Aliandika kweli juu ya unga wake. Mimi ndiye niliyetia unga mwingine ndani ya jina lake.

Siku mbili baadaye Béatrice alikuja mlangoni kwangu. Alama zilikuwa zimekwisha kubandikwa. Hakuingia mpaka nilipomkaribisha.

"Tata, sikukuya kulilia alama," alisema. "Nionyeshe tu fasi yenye nilikosea. Kama iko, ntanyamaza, ntarudia kwetu. Mutoto ananiulizaka ku telefone masomo itaisha siku gani. Nataka nimwambie kitu ya kweli."

Karatasi yake ilikuwa mezani, chini ya kiwiko changu. Kosa halikuwepo, na nilijua halipo. Nilimwambia arudi Jumatatu, baada ya jiri, yaani kikao cha walimu cha kuamua nani amepita. Alisema, "Aksanti, tata," kwa adabu kabisa, akaondoka. Ningependa kuwaambia kwamba nilimwambia kweli siku ile. Sikumwambia. Niliogopa. Kama tano na nusu ndiyo kweli, basi wote waliopata sita nukta mbili kwa miaka yote ile hawakupima kitu, na diploma zao zilikuwa na sahihi yangu. Niliwaza juma zima jinsi ya kukaa kimya majuma matatu tu na kwenda nyumbani.

Jiri ilikaa Jumatatu asubuhi. Tulikuwa wanne: katibu, mwalimu wa hesabu, mimi, na mwenyekiti, Shefu Ngoy, mkuu wa sekisheni, yaani idara yetu. Ngoy alikuwa mwanafunzi wangu zamani, mmoja wa wale niliojivunia. Kabla ya kurudi kufundisha alikuwa ameendesha labo ya depo moja inayonunua mawe ya wachimbaji kwa bei ya shaba iliyomo, kando ya barabara ya Fungurume. Jina la Béatrice lilipofika, alama zake nyingine zote zikiwa nzuri, katibu alitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Huyu tutamusaidia," alisema Ngoy. "Tunamupatia repeshaji. Anapita, anaenda kwabo, kelele haiko."

Repeshaji ni alama ya huruma ambayo jiri inaweza kumwongezea mtu aliyeshindwa kidogo. Wote waliitikia kwa kichwa. Mambo yangekwisha hapo. Béatrice angepata diploma, mimi ningepata saa yangu ya ukutani. Na kwenye faili lake ingeandikwa milele kwamba alishindwa mtihani wa vitendo akahurumiwa, yeye peke yake aliyeufanya. Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwa katibu.

"Hapana," nilisema. "Huyu mama hakushindwa. Kigezo ni kibovu, na mimi ndiye niliyekiharibu."

Mficha uchi hazai. Niliwaeleza yote: chupa ya akiba, asubuhi ile ya foleni, tano na nusu yangu ya kwanza ambayo niliizika, na ya pili wiki iliyopita. Mwalimu wa hesabu alivua miwani. Katibu aliacha kuandika, akaniuliza kama niko na homa. Ngoy alikuwa akiutazama mlango.

"Tata Kabeya," alisema mwishowe, "umechoka. Kazi miaka mingi. Tuache hii mambo."

"Basi twende labo. Upime weye mwenyewe."

"Mi? Juu ya nini mi?"

"Kwa sababu mimi hamtaniamini. Na huyu mwalimu wa hesabu hajui bureti."

Hakutaka. Niliona hakutaka, na sikuelewa kwa nini. Nilidhani anaogopa aibu ya taasisi. Lakini wenzake walikuwa wamekwisha kusimama, na mwenyekiti hawezi kuukimbia mrija wa kioo mbele ya katibu wake. Tulivuka ua wote wanne. Béatrice alikuwa ameketi kwenye ngazi pamoja na wenzake, akisubiri matokeo. Alisimama tulipopita.

Ngoy alivaa koti la kuazima. Alipima unga, lori likapita, akasubiri. Kuchemsha kulichukua karibu nusu saa, katibu akikohoa kwa mvuke wa asidi. Ngoy akafungua bureti. Rangi ya udongo ikafifia. Akatia wanga. Buluu. Akaanza matone, polepole, polepole kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumsimamia, kama mtu anayeomba lisije. Sitaki kudanganya: sehemu moja ya moyo wangu ilikuwa bado inaomba sita nukta mbili.

Tone likaja. Maji yakawa meupe. Ngoy akafunga bomba, akabaki ameinama.

Mwalimu wa hesabu alisoma mstari, akapiga hesabu pembeni ya daftari, akaipiga tena. "Tano na nusu," alisema.

Uamuzi haukuchukua dakika kumi. Béatrice Kapend alipewa alama yake, kumi na tisa juu ya ishirini, bila repeshaji na bila huruma. Wenzake kumi na wanne wangerudia mtihani Jumatano kwa unga mwingine, uliopimwa na watu watatu tofauti, kabla ya matokeo kutangazwa. Kuhusu waliotangulia, katibu aliandika taarifa ya kwenda juu, nami nikaisaini. Ndiyo karatasi ya mwisho niliyosaini kazini. Katibu na mwalimu wa hesabu wakatoka kwenda kuipeleka.

Ngoy hakutoka. Alikuwa akilifungua koti kifungo kimoja kimoja.

"Tata," alisema, "mu mutihani ya siri mi nilipata tano na nusu. Mara tatu. Ulinirudisha mara tatu."

Sikukumbuka. Walikuwa wengi.

"Mara ya ine nikaandika namba yako. Ukanipiga ku bega, ukasema, 'Muzuri sana, Ngoy, sasa uko mutu wa labo.'"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ulikuwa tata yetu. Nilizani macho yangu njo mabaya." Alilikunja koti. "Kiisha nikaenda ku depo. Bachimbaji banakuya na magunia yabo ku mugongo, mi napima. Patron wa depo ananiambia mbele ya kupima namba yenye anataka, ya chini, juu alipe kidogo. Nikipata ya juu, ananiambia rudilia. Benzangu bengine balikataa, bakafukuzwa. Mi haikunisumbua hata kidogo, tata. Nilikuwa namurudilia mupaka inakuya."

Nilishika ukingo wa meza. Katika maisha yangu nimeungua kwa asidi mara nyingi, na asidi inakupa sekunde chache kabla ya maumivu kufika. Nilizisikia zile sekunde. Mimi nilikuwa nimemlilia mwanafunzi mmoja ambaye nusura nimwangushe. Sikuwa nimewawaza wale niliowapitisha. Walikuja kwangu na macho mazima, wakasoma mstari kama ulivyo, na mimi kwa miaka yote ile niliwarudisha mpaka wakajifunza kusoma kile mkubwa anachotaka. Kisha nikawapa diploma, na migodi ikawachukua.

Nilimwomba msamaha. Yeye mkuu wa sekisheni na mimi mzee wa kuondoka, nilimwomba kwa mikono miwili.

"Haiko mi wa kuomba, tata," alisema Ngoy. "Ni bale benye nilipimiaka. Na bale, hata majina yabo sikuandikaka."

Akaliweka koti juu ya stuli, akatoka kwa mlango wa nyuma. Kwa mlango wa mbele Béatrice alikuwa bado amesimama kwenye ngazi, akisubiri nimwambie mahali alipokosea.